Onja Kwanza, Dada

Kosa la Evelina lilikuwa kuitikia. Jamani, ukilelewa Lukozi, shikamoo ikikufikia marahaba inatoka yenyewe. Huulizi kwanza imetoka wapi. Hii ilitoka ndani ya titi lake la kushoto, asubuhi, akipalilia kabichi kwenye ukungu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Jembe likamponyoka. Sauti ilikuwa ya Janeth, mdogo wake, aliyezikwa mwaka juzi kwa saratani hii hii ya titi.

"Nina njaa," ikasema.

Evelina hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Dokta Alen, aliyempa dripu ya kwanza ya dawa ya majaribio, alishamweleza: ndani ya dripu mna chembe ndogo mno, hata vumbi ni jabali mbele yake. Kila chembe imebeba dawa mbili, imepakwa kitu ambacho seli za saratani hukipenda. Zinaimeza zikidhani ni chakula. Ikishafika ndani inafunguka. Dawa moja inaziua, ya pili inazizuia kuitema ile ya kwanza. Baada ya wiki tatu, dripu ya pili. Asiporudi, mwaka haumalizi.

Wiki tatu nzima Janeth aliomba uji, akaomba viazi, akalia kama alivyolia wodini. Evelina aliogopa mpaka akawa anaoga amefumba macho. Na alimhurumia, huo ndio ukweli.

Siku ya dripu, nesi alipochoma sindano, sauti ikaacha kulia. Halafu: "Dada, ni chakula?"

"Ni chakula."

"Basi onja kwanza."

Kwao mgeni hapewi hata kata moja ya dengelua, ile pombe ya miwa, kabla mwenye nyumba hajapiga funda mbele yake, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Huyu naye alilijua hilo.

Evelina akatazama dripu ikishuka tone kwa tone, ikipitia kwanza kwenye mishipa yake mwenyewe. Nywele zilishakwisha, koo limechubuka kwa kutapika.

"Nimeonja, mdogo wangu," akasema kwa sauti, nesi akageuka. "Tangu ile ya kwanza naonja. Kula."

Ikala. Ikashukuru kila tonge kwa adabu zote za Janeth, mpaka asante moja ikakatika katikati. Evelina akalia kama siku ile ya mazishi, na nesi, maskini, akadhani ni sindano inayomuuma.