Mzani Chini ya Mikaratusi

Vidole vya Sekela vilikuwa vimekufa ganzi tangu asubuhi, lakini viliendelea kuchuma: majani mawili na chipukizi, kapuni. Nailoni aliyojifunga kiunoni ilimpigapiga magotini. Mlima Rungwe haukuonekana kwa ukungu, na upepo uliopanda kutoka upande wa Kyela ulikuwa ukichanachana migomba ya ng'ambo ya bonde.

"Redio jana umeisikia?" Veronika aliuliza kutoka mstari wa pili. "Eti baridi inakuja na upepo wa kuvunja. Tukae mbali na miti mikubwa."

"Nimesikia," Sekela akajibu. Siku zote aliongea kidogo hivyo.

"Basi kauambie na mzani. Maana wenyewe unaning'inia kwenye mkaratusi!"

Wachumaji waliokuwa karibu wakacheka. Sekela hakucheka. Msimu wa baridi uliopita, mama yake alivunjwa mkono na tawi pale pale, akiwa kwenye foleni ya kupimiwa chai. Enzi shamba likiwa la serikali kulikuwa na zahanati. Mwekezaji alipolinunua aliigeuza ghala la mbolea, na mama akabebwa kwa machela ya shuka hadi hospitali ya Tukuyu. Mpaka leo mkono ule hauinui sufuria. Mikaratusi yenyewe haikukatwa. Ilikuwa ikimsubiri mnunuzi wa nguzo mwenye bei nzuri.

Alasiri upepo ulikuwa umeongezeka. Wanawake walipanga makapu yao kwenye foleni kama kawaida, kila kapu likimshikia mwenyewe zamu, kisha wakaenda kusimama mbali, kwenye njia ya katikati ya chai.

"Mwenye kapu asimame na kapu lake!" akapaza sauti Rodrick, karani wa mzani, kijana wa Mbeya mjini. "Ni oda mpya. Kapu lisilo na mtu silipimi, na lori likifika halisubiri."

"We Rodrick, mwanangu," Veronika akasema, "husikii miti inavyolia?"

"Mama, msiniletee noma. Siyo mimi niliyeipanda."

Mmoja akarudi kwenye foleni, kisha wengine, viganja vikiwa vichwani kana kwamba kiganja kinazuia gogo. Sekela alilitazama kapu lake. Ugali wa kesho ulikuwa mle, na dawa ya kumchua mama. Akaanza kwenda.

Kitu kikapasuka juu. Tawi lilishuka na magome yake, likalibamiza kapu la mbele na kulisaga. Mwenye kapu alikuwa ndiyo kwanza ameinama pembeni kuvuta buti lililonasa topeni.

"Ee Kyala, Mungu wangu!" mwenye kapu akalia.

Wote wakakimbilia njiani, Rodrick akiwa wa kwanza. Alipopata pumzi, akajifanya mkali tena. "Mzani upo palepale. Asiyetaka kupima aende nyumbani."

Sekela akainama, akakimbia hadi chini ya mti, akautungua mzani kwenye ndoano yake na kurudi nao kifuani.

"We dada! Mali ya kampuni hiyo!"

Akaokota mhimili mrefu uliokuwa ukiegemeza mgomba ulioanguka kando ya njia, akaupitisha kwenye pete ya mzani. Veronika alielewa bila kuambiwa. Akachukua ncha moja begani, Sekela nyingine. Mzani ukaning'inia kati yao, mahali pasipo na mti hata mmoja.

"Leteni makapu," Veronika akasema. "Kituo kimehamia huku."

Kapu la kwanza likatundikwa. Upepo ukalipepesua, sindano ikacheza juu na chini. Rodrick aliingoja ishuke kabisa ili aandike uzito mdogo, akatoa kalamu.

"Haijatulia," Sekela akasema.

"Kwa upepo huu haitatulia leo."

"Tutasubiri."

Lori likapiga honi barabarani. "Na lori je?"

"Nalo lisubiri."

Wanawake wakasogea upande ulikotoka upepo, bega kwa bega, migongo nje, wakalizungushia kapu ukuta wa nailoni na vitenge. Sindano ikapunguza kucheza, ikasimama. Rodrick akaisoma kwa sauti, akaandika. Kisha akanong'ona, safari hii bila ukali:

"Dada, wataniuliza nani ameushusha mzani."

"Sekela," akajibu mwenyewe. "Niandike. Halafu leta kapu linalofuata."