Tarehe ya Moto na Mgomo

Kijiko cha mchumba kilisimama katikati ya sahani na mdomo, na mama mkwe mtarajiwa akakiona. Hakuna kilichompita mezani pale. Tangu kijana huyo, fundi wa lifti, aanze kuja nyumbani kumposa binti yake, alikuwa akimchunguza kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Viatu vyake viling'aa mno. Jamaa zake wote walikuwa ama marehemu ama mbali. Hata shangazi wa kuulizwa swali moja hakuwapo.

Na leo ameteleza mwenyewe. Binti alimwomba asimulie jinsi baba yake alivyofariki, naye akasimulia: asubuhi ya siku ambayo soko kuu liliungua, baba alimpandisha treni kwenda likizo kwa shangazi, akampungia mkono mpaka behewa likapinda kona. Jioni soko likateketea, na baba, muuza vitambaa, akiwa ndani.

"Treni?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile hakuna treni iliyosogea. Wafanyakazi wa reli waligoma nchi nzima."

Hakubahatisha. Kazi yake redioni ilikuwa kuandaa kipindi kifupi cha asubuhi, cha mambo makubwa yaliyotokea siku kama hiyo: vita vilivyokoma, madaraja yaliyofunguliwa, wafalme waliozikwa. Wenzake walimwita Kalenda, na jina hilo halikumchukiza. Moto wa soko na mgomo wa reli ilikuwa ya tarehe moja. Kila mwaka aliiandika kwenye ukurasa mmoja, mmoja juu ya mwingine, kama majirani wa ghorofa. Na kesho ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe.

Kijana alishusha kijiko. Alimtazama mama, akamtazama binti, akainamisha kichwa.

"Basi huenda nimechanganya, mama. Nilikuwa mdogo."

Mama akajua kamshika pabaya. Njia ya mwongo ni fupi, alijisemea, na ya huyu imeishia kwenye mchuzi wangu. Binti aliendelea kukata nyama vipande vidogovidogo asivyovila. Wakati wa kuagana mama alimvuta binti kando, akamnong'oneza afumbue macho: mtu anayemzulia marehemu baba yake, walio hai atawazulia nini?

Asubuhi aliingia studio akiwa mwepesi, kama aliyetoa mwiba. Mtangazaji, mzee wa sauti nzito na utani mwingi, alipitia karatasi yake akaguna.

"Kalenda, leo umeanza na moto. Tuanze na mgomo. Mkubwa hutangulia."

"Ukubwa gani?"

"Wa umri, dada. Mgomo ulitokea miaka saba kabla ya soko kuungua. Si umeandika mwenyewe?"

Aliichukua karatasi. Miaka ilikuwa pale, ameichapa kwa vidole vyake. Lakini yeye alitafuta siku. Miaka alikuwa akiipita kama mtu anavyopita namba ya mlango wa jirani. Mwaka wa mgomo, kijana yule alikuwa hata hajaanza kutambaa. Mwaka wa moto, treni zilitembea. Moja ilimbeba mtoto aliyekuwa bado anapunga mkono.

Taa nyekundu iliwaka, mzee akaanza kusoma. Mama alitoka hadi ujiani, akampigia binti simu. Alisema moja kwa moja, kama alivyosema kila kitu, kwamba kosa ni lake: tarehe ni moja, miaka ni miwili, na kijana hakudanganya.

"Najua," binti alisema. "Nilitafuta mwenyewe usiku."

"Basi yameisha. Nitamwomba radhi."

"Mama, kama alikuwa anasema kweli, mbona alikubali upesi vile?"

"Alinistahi, mwanangu. Angebishana na mkwe mezani?"

"Labda. Au ndivyo anavyofanya akibanwa."

Kupitia mlango wa studio, mama alisikia sauti ya mzee imeufikia moto.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko jikoni kwangu, ananitengenezea bomba. Anaimba." Binti alishusha sauti. "Nimesimama hapa mlangoni, mama. Hajui kwamba namtazama."