Gorogoro Mbili za Unga

“Keki gani hiyo ya kuchotwa kwa kijiko?” Maximilla alipaza sauti hadi wauza samaki wakageuka. “Harusi ni kesho Kisian, na mimi nina uji kwa sufuria. Unga wako ndio mbaya, Mama Khadijah!”

“Unga wangu hauna shida,” alijibu Rehma, mama yake Khadijah, kutoka nyuma ya meza yake. “Ulipima aje?”

Miaka yote Maximilla alipima kwa vikombe, na keki zake ziliumuka vizuri. Safari hii bibi harusi alimtumia kwa simu maelezo ya keki ya kisasa, kila kitu kwa gramu. Unga kilo tatu. Mizani hana. Lakini soko zima la Migosi linajua kwamba gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia linalopimiwa nafaka, ni kilo mbili. Basi akamimina gorogoro moja na nusu.

“Kilo mbili ni ya mahindi,” Rehma alisema. “Unga ni mwepesi, una hewa. Umekosea hesabu yako, halafu unakuja kunichafulia jina mbele ya wateja!”

Wateja wakacheka. Mmoja akauliza kama keki hiyo italiwa kwa sahani ama kwa mrija. Maximilla akainamisha kichwa.

Alichosema Rehma kilikuwa kweli, na ndiyo maana kilimchoma yeye mwenyewe. Kopo lake lilikuwa limegongwa kitako kwa nyundo kikaingia ndani. Kila alipouza gorogoro moja, robo kilo aliyoipunja ilishuka kutoka hewani, chini ya paa la mabati, ikamwangukia yeye peke yake. Ndiyo sababu aliuzia chini ya mwavuli. Unga uliteleza hadi kwenye beseni miguuni pake, na jioni aliurudisha guniani. Hakuna aliyeshangaa. Obiero, muuza maharagwe wa meza ya pili, alishinda na helmeti ya bodaboda kichwani, kwa sababu maharagwe yakianguka huumiza.

“Pole, Mama Khadijah,” Maximilla alisema, sasa kwa sauti ndogo. “Nimekutukana bure. Niambie basi, ya unga ni kilo ngapi? Nikiharibu tena, hakuna mtu ataniita harusi nyingine.”

Kopo ambalo halijagongwa hubeba kilo moja na nusu ya unga. La Rehma lilibeba moja na robo. Nyuma ya Maximilla kulikuwa na foleni, kila mtu na mfuko wake, na wote walikuwa wakisikiliza.

“Moja na nusu,” Rehma alisema.

“Basi nipimie mbili.”

Akapima. Unga ukashuka juu ya mwavuli, kisha ukashuka tena. Kesho keki ingemwagika vilevile, na Maximilla angejilaumu mwenyewe. Rehma akainama, akainua beseni, akamimina ile nusu kilo yote kwenye mfuko wa Maximilla.

“Na hii?”

“Nyongeza. Tia yote kwa keki, usibakishe.”

“Aki, nimekutukana na bado unaniongezea?” Maximilla alimshika mkono kwa mikono yake miwili. “Mungu akuzidishie, mama. Una roho safi kutushinda sisi wote.”

Foleni nzima ikaitikia amina. Rehma hakuweza kuuvuta mkono wake.

Maximilla alipoondoka, mteja aliyefuata alinyoosha mfuko. “Mimi moja, mama. Na nyongeza kama yake.”

“Imeisha.”

Rehma alitazama kopo, akatazama nyundo chini ya meza, akatazama urefu wa foleni. Akakata shauri: kopo angelibakiza, lakini hangejikinga tena. Alifunga mwavuli, akausukuma kando ya nyundo, akachota kwa kopo lilelile na kulisawazisha kwa kiganja. Unga ukamshukia kwenye mtandio, kwenye kope, hadi ndani ya kola.

Obiero aliinua kioo cha helmeti. “Mama, mwavuli.”

“Najua uliko,” alisema Rehma, na kumwita anayefuata.