Kafi la Nathanael

Upepo uliingia Katobwe jioni, karabai za kuvulia dagaa zikiwa bado hazijawashwa. Paa la nyasi la Bernadetha ndio lilikuwa la kwanza. Lilinyanyuka lote kwa mkupuo, kama mtu kavuliwa kofia na askari. Halafu bati za zahanati zikaanza kung'oka moja moja, zinalia hewani, na moja ikashuka ikamkata mbuzi kiunoni mbele ya macho ya Pudensiana. Yule mbuzi akaendelea kujivuta kwa miguu ya mbele, wala hajui kama ameshaisha. Pudensiana akamwangalia mbuzi, akaangalia ziwa. Mumewe, Nathanael, alikuwa hukohuko majini. Alikuwa ametangulia kutega wavu na mwenzake wa mtumbwi, Yohani, Mrundi aliyehamia kijijini.

Na Tanganyika siku ile lilikuwa limechafuka, usiseme. Mawimbi yalipanda mwalo mzima, ule ufuo wa mitumbwi. Yakabeba vichanja vya kuanikia dagaa, yakabeba nyumba za mstari wa chini pamoja na vitanda na masufuria, yakabeba ng'ombe wa Ndaki, yule Msukuma aliyekuwa amewashusha kunywa maji. Watu waling'ang'ania mashina ya michikichi huku watoto wamewafunga migongoni kwa kanga. Bibi mmoja alipondwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe, akafia chini yake, mkono umeshika komeo.

Upepo ulipokata, kijua kidogo bado kilikuwepo. Ndipo ziwa likamtema Yohani. Alikuja anagaragazwa na wimbi, kajifunga dumu tupu la mafuta kifuani kwa kamba ya wavu, midomo imepauka kama majivu. Peke yake.

Pudensiana ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamshika shati, akamtikisa.

"Mume wangu umemwacha wapi?"

Yohani alitaka kusema, lakini baridi ilikuwa imemfunga mdomo, meno yanagongana tu. Akanyanyua mkono, akanyoosha kidole ziwani, upande wa kusini, kule mvua ilikozuia kila kitu kisionekane. Akakirudisha, akakinyoosha tena.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Silvester, mdogo wake Nathanael, alikuwa amesimama nyuma ya shemeji yake na kipande cha ubao mkononi. Alichokiona yeye ni hiki: mtumbwi mmoja, watu wawili, dumu moja, na dumu analo Mrundi.

"Hilo dumu la kaka," alisema. "Kamnyang'anya, kamsukumia majini, sasa anatuonyesha alipomtupa."

Na ubao ukashuka. Taya la Yohani lililia kama muwa unavunjwa gotini. Wakaingia wengine, waliopoteza nyumba, waliopoteza nyavu, kila mtu ana hasira na upepo na upepo hapigiki. Mrundi anapigika. Walimkumbusha kwa mateke kwamba alitoka Mishamo kwa wakimbizi wenzake, wakampokea, wakampa na kiwanja. Pudensiana naye alimpiga teke moja la mbavu. Alisikia mfupa ukibonyea chini ya kidole gumba cha mguu wake, na hilo hakulisahau. Aliyemwokoa Yohani ni Bernadetha, mama yao Nathanael na Silvester. Mama mzima alijilaza juu yake kifudifudi, akawaambia wanaotaka kumuua waanze na mgongo wake.

Jioni hiyohiyo Pudensiana alikwenda kwenye mabaki ya nyumba yake, akachimbua kafi la akiba la mumewe, akarudi nalo mwaloni, akalisimika kwenye mchanga palepale maji yanapoishia.

Katobwe kila mtu anajua maana yake. Ziwa likimeza mtu, mwanamke wa nyumba yake anasimika kafi, na ziwa linafungwa. Mitumbwi yote inapinduliwa, matumbo juu. Maji hayaguswi kwa kafi wala wavu, maana wanasema ziwa likisumbuliwa linamng'ang'ania mtu wao, likiachwa litulie linamleta lenyewe pwani. Mpaka maiti itoke, au mpaka yule mwanamke alichomoe kafi kwa mkono wake mwenyewe, aseme basi, tumemwacha. Hakuna mwingine wa kulichomoa. Pudensiana alitaka maiti. Alitaka amzike mumewe mahali anapoweza kupalilia, siyo amkumbuke kila anapochota maji ya ugali.

Ugali wenyewe ukawa hadithi. Mwaka ule ndio ule wa Elnino, mvua ilikuwa imeshakata barabara ya Mpanda, malori ya kupeleka dagaa sokoni Kashaulili yalikwama huko mbali au hayakutoka kabisa. Mahindi yaliyolowa ghalani yalichipua, halafu yakanuka. Watu walikula ng'ombe wa Ndaki waliotupwa pwani. Walianza kwa kugawana vizuri, wakamalizia kwa mapanga. Jamaa mmoja alikatwa vidole viwili kwenye paja la ndama, akafunga mkono kwa soksi, akarudi kuendelea kugombania lile paja. Nyama ilipoanza kutambaa, watu walikula mapapai mabichi. Watoto wakaanza kuharisha. Mmoja akazikwa, halafu mwingine.

Na ziwa lipo hapo, limejaa samaki, limetulia kama maji ya beseni.

Silvester alianza kwa adabu. Alikuja asubuhi, akachuchumaa, akamwita shemeji, akamweleza kwamba kaka yake alimpenda pia, lakini binti yake amevimba miguu. Pudensiana akamjibu asubiri kesho, ziwa litamleta. Kesho yake akaja na wanaume wengine, hawakuchuchumaa. Walimuuliza kama anataka kijiji kizima kimfuate mumewe. Yeye alikaa tu pembeni ya kafi, amelishika kama mtu ameshika nguzo ya nyumba yake. Wakina mama waliopita kuchota maji walianza kumtemea mate karibu na miguu. Mmoja alimtupia nguo ya mtoto wake aliyekufa, ikiwa bado haijafuliwa.

Na juu kidogo, chini ya turubai la Bernadetha, Yohani alilala na uso umevimba, jicho moja limezama. Homa ilikuwa imempanda. Kila akizinduka ananyoosha kidole kulekule kusini, anakoroma. Bernadetha alimnywesha uji kwa mrija wa papai na kudhani anaweweseka. Wanaume wakimwona anaonyesha kidole walikuwa wanaondoka wasije wakammalizia.

Siku mvua ilipopumzika, Silvester alishuka mwaloni na panga. Nyuma yake mwalo mzima.

"Shemeji, ondoka hapo."

"Sitoki."

"Nalichomoa mwenyewe. Kama kuna laana, inianze mimi."

Alipoinama kushika kafi, Pudensiana alimng'ata sikio. Siyo mchezo, alikata kipande, akakitema mchangani. Silvester alipiga yowe, akampiga kwa ubapa wa panga kichwani, na mwanamke akaanguka, lakini akaanguka ameung'ang'ania mguu wa Silvester. Wakagaragara. Alimkwaruza macho, alimpiga na jiwe la nanga kwenye goti, na Silvester akamkalia kifuani, akamshika koo kwa mkono mmoja na kumzamisha uso kwenye maji ya ukingoni. Pudensiana aliona mapovu yake mwenyewe yakipanda. Aliwaza, kumbe ndivyo alivyoona Nathanael. Damu ya lile sikio ilikuwa inamdondokea shingoni, ya moto. Wanaume walikuwa wamesimama wanaangalia, na hakuna aliyesogea, kwa sababu akifa yeye kafi halina mwenyewe tena, na ziwa litafunguka.

Aliyesogea alikuwa Yohani.

Alishuka kilima ameshikilia bega la Bernadetha, anatembea kama mtu mlevi, taya limefungwa kwa kitenge. Alimfikia Silvester akamwangukia mgongoni kwa uzito wake wote, maana nguvu ya kupiga hakuwa nayo. Wote watatu wakaishia majini. Silvester aliponyanyua panga, Bernadetha akalishika kwa makali, kwa kiganja. Mwanae akaona damu ya mama yake, akaliachia.

Yohani akafungua kile kitenge. Uvimbe ulikuwa umeshuka asubuhi ile. Meno ya chini hayapo. Alisema polepole, anashikilia taya kwa mkono lisidondoke.

"Mzima. Nilimwacha mzima. Jiwe la Minandi."



Ikatoka kwa vipande. Mtumbwi ulipinduka, Nathanael akavunjika mguu, wakaupanda mgongoni, wakasukumwa mpaka kwenye lile jiwe la ndege lililoko kusini, mbele ya rasi. Nathanael akashika mwamba. Ndiye aliyemfunga Yohani lile dumu kifuani, kwa mkono wake, akamwambia ana miguu miwili, aende pwani akalete mtumbwi.

"Nikawaonyesha," Yohani alisema. "Kwa kidole. Nyie mkanipiga."

Pudensiana alikaa kwenye maji, anakohoa aliyoyameza. Aligeuza shingo. Kusini, kwa mara ya kwanza tangu upepo, mawingu yalikuwa yameachana, na nukta nyeusi ya Jiwe la Minandi ilikuwa inaonekana palepale ilipokuwa siku zote. Mbele yake mitumbwi yote ya kijiji imelala matumbo juu, imepangwa vizuri. Na kafi limesimama. Yeye ndiye aliyelisimika. Yeye ndiye aliyewafungia wote nchi kavu, anasubiri maiti ya mtu aliye hai.

Hakulia. Alisimama, akalichomoa kafi kwa mikono miwili, akaugeuza mtumbwi wa kwanza kwa bega.

"Panda," alimwambia Silvester.

Walipiga makafi bila kuongea, shemeji mbele na sikio lake limefungwa kwa jani la mgomba, yeye nyuma. Kila alipovuta maji aliona mgongo wa Silvester na alitaka kuupasua, na kila alipotaka kuupasua alikumbuka mbavu za Yohani chini ya kidole chake cha mguu.

Minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, waliruka wote kwa pamoja mtumbwi ulipokaribia. Nathanael alikuwa amekaa kwenye ufa wa mwamba, amekonda mpaka meno yamekuwa makubwa, mguu umevimba mweusi na umenyooka pembeni yake kama siyo wake. Maganda ya mayai ya ndege yametapakaa. Shati lake lilikuwa limefungwa kwenye kipande cha ubao, linapepea. Hakuwapungia. Silvester alipomfikia ili ambebe, Nathanael alimpiga ngumi ya pua, ngumi dhaifu ya mtu mwenye njaa, halafu ya pili.

"Leo mvua ilipofunguka ndipo nikawaona," alisema. "Nikaona mitumbwi mmeipindua. Nikajua mmeshanizika."

Nathanael akalitazama kafi lake mkononi mwa mke wake, akaelewa bila kuambiwa. Akageuza uso. Kisha akauliza: "Yohani alifika?"

"Alifika," Pudensiana alisema.

"Sasa kwa nini hakuwaambia?"

Silvester akamnyanyua kwapani, wakampakia mtumbwini.

Pwani walimkuta Yohani amekaa palepale mchangani, Bernadetha amefungwa kiganja pembeni yake. Walipomteremsha Nathanael, alitambaa mwenyewe hatua za mwisho. Aliushika uso wa rafiki yake, akapapasa lile taya, akalitazama jicho lililozama. Akauliza ni nani. Watu wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu.

Nathanael akanyoosha mkono kwa mke wake. Pudensiana alijua anataka nini. Angeweza kulitupa kafi ziwani. Alimpa. Na Nathanael, badala ya kulishika, akaliweka kwenye mapaja ya Yohani.

Silvester akaenda mwenyewe. Akapiga magoti mbele yake, mikono mgongoni.

Yohani alisimama kwa shida. Kwa sekunde kadhaa ilionekana kama atalitupa chini. Halafu akalizungusha. Bega la Silvester lilivunjika kwa sauti ileile ya muwa, na kafi nalo likapasuka katikati, na Silvester akalala mchangani anahema bila kulia. Yohani akageuka, kipande kimebaki mkononi, akamtazama Pudensiana. Naye akasogea, akasimama alipokuwa amepiga magoti shemeji yake. Akafungua mikono, mbavu wazi.

Yohani alimwangalia muda mrefu. Kisha akadondosha kile kipande miguuni pake, akarudi kukaa.

Hakumsamehe, alichoka tu, na Pudensiana aliliona hilo usoni mwake.

Mitumbwi mingine ilikuwa tayari inageuzwa. Kabla ya jua kuzama, dagaa wa kwanza waliingia, na mwalo ulijaa moshi. Kuni zote zilikuwa mbichi, kwa hiyo Pudensiana aliokota vile vipande viwili vya kafi, mti wa zamani uliokauka ndani hata ukilowa juu, akaviwashia moto. Silvester alikula analishwa dagaa na binti yake. Nathanael alikula amempa mke wake mgongo.

Yohani hakuweza kutafuna. Pudensiana alitwanga dagaa wake kwenye kinu mpaka wakawa unga, akawachanganya na maji ya moto, akapuliza, akampelekea kikombe. Yohani akakipokea. Akakinusa, akampa Bernadetha aonje kwanza, ndipo akanywa.