Mawe Meusi ya Kichujio

Samaki wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wa tatu, yule wa rangi ya chungwa, alielea juu kabisa ya maji, akifungua na kufunga mdomo. Masika alipiga magoti mbele ya akwariamu ya hoteli, hapo mapokezi, akaanza Baba Yetu. Alipofika penye kusamehewa makosa, neno halikupita. Ulimjia uso wa Rosine.

Rosine ndiye aliyeyatunza maji yale ya chumvi kabla yake. Siku moja Masika alifungua kichujio, akakuta mawe ya volkano yamefunikwa na utelezi wa kahawia. Akampelekea Papa Balagizi, mwenye hoteli, jiwe moja mkononi. "Papa, ona uchafu wa Rosine." Rosine akapelekwa uani kufua mashuka, Masika akapewa kazi yake. Akayasugua mawe kwa Javel, ile dawa ya klorini, kama watu wa Goma walivyozoea kusafisha kila kitu kwa kuogopa kipindupindu. Yalipong'aa, alimshukuru Mungu.

Sasa aliinuka, akaenda uani. Rosine alikuwa akikamua shuka.

"Dada Rosine, samaki zinakufa."

"Na unakuja kwangu miye muchafu?"

"Nisaidie."

"Mawe uliyaosha na nini?"

Masika alitazama ndala zake. "Javel."

"Eh, Yesu! Ule utelezi ni vijidudu. Ndivyo vinakula mikojo ya samaki. Umeviua, sasa samaki inakunywa mikojo yake." Rosine akapangusa mikono. "Na pipa ya chini ya ngazi? Uliiosha pia?"

"Nilitaka kuiosha leo."

"Basi Mungu alikufunga mikono."

Ndani ya pipa lile mlikuwa na maji ya mvua yaliyotiwa chumvi ya bahari, na pampu ndogo ikitoa mapovu juu ya mawe mengine meusi. Rosine alikuwa ameyaweka akiba. Walitoa nusu ya maji ya akwariamu, wakajaza ya pipa. Kisha Masika akayapanga mawe ya pipa, yenye utelezi wake, katika kichujio, polepole, kwa mikono ileile iliyosugua.

Hawajamaliza, Papa Balagizi akapita na mgeni.

"Muone mama Masika," akamwambia mgeni. "Tangu ashike kazi hii, kila kitu kinang'aa! Yule wa kwanza alikuwa anatuletea uchafu."

Rosine alikuwa amesimama palepale, ameshika ndoo.

"Papa," Masika akasema, "samaki mbili nimeziua miye. Rosine hakukuwa muchafu. Na siku ulimutuma uani, miye nilifurahi."

Mgeni akageukia dirisha. Samaki wa rangi ya chungwa alikuwa ameshuka kidogo, akikaa karibu na mapovu.

"Bado hajapona," Rosine alisema, bila kumtazama Masika. "Nitabaki naye."

Masika akarudi uani peke yake. Shuka la Rosine lilikuwa bado kwenye beseni, limekamuliwa nusu. Akalishika, akaanza tena Baba Yetu tangu mwanzo.