Vipulizio Viwili vya Bahgat

Rais Sabri alimpa Bahgat muda mpaka Alhamisi. Alimwambia hayo mkahawani, mbele za watu, huku akikoroga chai yake taratibu kama mtu asiyesema neno zito. Kwetu kiongozi wa beni huitwa rais, na Sabri alikuwa rais wa watu kumi na wawili, lakini kwa maringo yake ungedhani ana nchi nzima.

"Alhamisi ni harusi ya binti yako, na mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini wakwe zako ni watu wa machinjioni. Hao wanataka tarumbeta ilie juu. Bibi harusi akitokea mlangoni, mpaka mtaa wa pili wasikie. Ukiweza, simama mbele kama kawaida. Ukishindwa, atasimama Hilmi, mpigaji mwenzako, na wewe utavaa."

"Nivae siku ya harusi ya mwanangu?"

"Mla ni mla leo, Bahgat. Mla jana kala nini?"

Kuvaa, kwetu Mtaa wa Mohamed Ali, si neno dogo. Beni ya kumi na wawili huwa na wapigaji saba tu. Watano waliobaki ni wavaaji. Mvaaji hupewa koti jekundu na tarumbeta bovu, akatembea nyuma amevimbisha mashavu, na wenye harusi wakahesabu vichwa wakaridhika. Na ili asije akapandwa na wazimu wa kupuliza, rais humnyang'anya kipulizio, kile kikombe kidogo cha shaba kinachoshika midomo. Tarumbeta bila kipulizio ni bomba la maji.

Mvaaji mkongwe kuliko wote alikuwa Ami Zuzu, mwaka wake wa ishirini na tano huo. Zamani alisimama mbele kabisa, mpaka alipokuja kijana mmoja mwenye pumzi akamtoa. Kijana huyo alikuwa Bahgat. Tangu siku hiyo Bahgat alimsalimia kwa adabu zote, ila hakuwahi kukaa naye benchi moja.

Sasa Bahgat ana miaka hamsini na minne, na tangu baridi ya mwaka huu mdomo wake wa juu ulianza kumsaliti. Akipanda juu, sauti inakatika. Kipulizio chake alikirithi kwa baba yake, kikombe chake kina kina kirefu, na sauti yake ni nene, ya joto, mtu akiisikia hunyamaza. Lakini kikombe kirefu kinadai midomo yenye nguvu, na nguvu ndiyo iliyokuwa inakwisha.

Angebadilisha kipulizio mambo yakaisha, kama si Awatif, binti mwenyewe.

"Mimi sitaki ya juu, baba," Awatif alimwambia. "Hizo waachie wao. Mimi nikiteremka ngazi nataka wimbo wa mama."

Mama yake, Ihsan, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Wimbo wake ulikuwa mwepesi, wa kufulia nguo, lakini uliegemea sauti moja ya katikati, ile inayokaa baina ya sauti mbili na isiyo na pistoni yake ya kubonyeza kwenye tarumbeta. Sauti hiyo inatengenezwa na midomo tu. Ukiikosa, wimbo mzima unageuka wa mtu mwingine. Bahgat alimwahidi binti yake, na ahadi ni deni.

Jumanne alikwenda dukani kwa Girgis, fundi wa kutengeneza ala, mzee Mkristo wa Kikopti mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Girgis alimtolea sinia la vipulizio. Cha kwanza kilikuwa na ukingo mpana, kikampumzisha midomo lakini sauti ikawa nzito kama mtu aliyeshiba maharage ya ful. Cha pili kilikuwa cha wastani, wala hakikupanda wala hakikushuka. Cha tatu kikombe chake kilikuwa kifupi, karibu bapa. Bahgat alikiweka mdomoni, akavuta pumzi, akapanda. Sauti ikaenda juu bila jasho, nyembamba, kali, ikang'ara mpaka muuza mkate wa nje akatia kichwa ndani kutazama. Bahgat akacheka. Ilikuwa miezi tangu alipocheka mara ya mwisho na tarumbeta mkononi.

Kisha akajaribu wimbo wa Ihsan. Alipofika kwenye ile sauti ya katikati, haikuja. Ilikuja ya juu yake. Akajaribu tena, ikaja ya chini yake. Kicheko kikamkauka.

"Usihangaike," Girgis alisema. "Ile sauti inataka midomo ishuke kidogo ndani ya kikombe. Humu hamna pa kushukia. Hiki walikitengeneza watu wasioijua sauti hiyo."

"Huna kinachotoa zote mbili?"

"Kilikuwa kile cha pili. Kimekupa nini?"

"Nusu huku, nusu huku."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kipulizio hakikupi usichokuwa nacho. Kinakupunguzia kazi upande mmoja, upande wa pili kinakudai."

Bahgat alifikiri, akapata hila. Aanze na hiki kifupi, apige ya juu awashibishe watu wa machinjioni, kisha akichomoe haraka, atie cha baba yake, apige wimbo. Pumzi mbili zinatosha.

"Mshika mbili moja humponyoka," Girgis alisema, lakini akamfungia kwenye karatasi. "Basi sikiliza. Usikipige kiganja. Shina la hiki ni jembamba, likizama limezama, na chombo cha kukivutia ninacho mimi hapa, huko harusini hakipo."

Bahgat aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia daktari. Hakuna mpiga tarumbeta wa mtaa wetu asiyepiga kiganja. Unatia kipulizio, unasema bismillahi, unakigonga kwa kiganja paf, kwa ajili ya baraka. Baba zetu walifanya hivyo, na wajukuu watafanya.

Alhamisi baada ya alasiri beni ilijipanga chini ya ngazi za nyumba ya Bahgat, mbele Bahgat na Hilmi, nyuma kabisa wavaaji watano. Awatif angeshuka kutoka ghorofa ya nne, mkono wake kwenye mkono wa mjomba wake, kwa kuwa baba mtu alikuwa kazini. Mlango ulifunguliwa huko juu, vigelegele vikamwagika. Bahgat akasema bismillahi, na mkono wake wenye mazoea ya miaka arobaini ukagonga. Paf.

Hakugundua. Alipanda juu, tarumbeta ikalia mpaka njiwa wakaruka kwenye paa, watu wa machinjioni wakapiga mluzi, Sabri akatikisa kichwa kwa furaha. Ndipo Bahgat akashika kipulizio akichomoe, kikakataa. Akakizungusha, kikakataa.

"Umekigonga?" Hilmi alimnong'oneza.

"Nimekigonga."

Hilmi akashika tarumbeta, Bahgat akakivuta kwa leso. Wapi.

"Mnafanya nini nyie?" Sabri alifoka. "Piga. Ya juu tena."

Akapiga ya juu tena, angefanyaje? Awatif alikuwa ghorofa ya tatu, akingoja. Akapiga ya juu mara ya tatu. Awatif akafika ya pili, na sasa baba yake aliuona uso wake. Bahgat akauanza wimbo, na ile sauti ya katikati ikatoka imepinda, kama mgeni anayetamka jina la marehemu vibaya. Dada zake Ihsan waliokuwa ngazini wakatazamana. Awatif akasimama. Bahgat aliona aibu, na hakuwa na pa kutokea. Juu alikuwa binti, mbele rais, na mkononi chuma kilichokwama.

"Bahgat." Ilikuwa sauti ya Ami Zuzu, kutoka nyuma. Alikuwa amenyoosha tarumbeta lake. "Hili langu halina mdomo. Wako uko mfukoni, siyo?"

Bahgat akageuka. Sabri akamshika mkono wa koti.

"Ukienda huko nyuma siku ya leo, hurudi mbele. Nakwambia mapema."

"Najua, rais," Bahgat alisema, akautoa mkono wake.

Alimpa Zuzu tarumbeta yake inayong'aa, akachukua lile bovu, akatia kipulizio cha baba yake polepole, bila kukigonga. Pistoni ya tatu ilikuwa imekufa zamani, lakini wimbo wa Ihsan haukuihitaji. Akapiga. Sauti ilitoka nene, yenye mikwaruzo kidogo, na ile ya katikati ikakaa mahali pake. Dada mmoja wa Ihsan akaanza kulia wazi wazi.

Awatif akashuka ngazi zilizobaki. Akampita Hilmi, akampita rais, akaenda kusimama mbele ya safu ya mwisho. Na maandamano ya harusi huelekea anakoelekea bibi harusi, hilo hata Sabri hawezi kulibadilisha. Beni yote ikabidi igeuke. Wavaaji wakawa mbele, mashavu yamevimba, hawaamini macho yao, na rais akakimbia kandokando ya ukuta akitafuta pa kuongozea.

Kwenye mlango wa gari Bahgat alichomoa kipulizio, bado kina joto la midomo yake, akakitia kiganjani mwa binti yake.

"Utapigia nini sasa, baba?"

"Niwekee tu."

Jumamosi mkahawani Sabri alikuwa na koti jekundu la mikono mifupi tayari juu ya kiti. Hakugomba. Alinyoosha kiganja, kama ilivyo desturi.

"Kipulizio."

Bahgat alipindua mfuko mmoja wa suruali, akapindua na wa pili.

"Kimoja kimekwama kwenye tarumbeta, mpelekee Girgis akakivute," alisema. "Kingine kimeolewa."

Akavaa koti, akaenda kukaa kwenye benchi la Ami Zuzu, ambaye alikuwa ameshamsogezea nafasi.