Mkate na Chumvi kwa Leon

Leon alisimama barazani pa nyumba alimozaliwa, huko Hamtramck, mji wa wahamiaji kutoka Polandi nchini Marekani. Kwa miaka hamsini na minane hakuwa amekanyaga pale.

Kosa lake ukoo mzima ulilijua. Akiwa kijana alilitupa jina la Kołodziejczyk akajiita Cole, maana msimamizi wa kiwandani alikuwa akilicheka kila asubuhi. Baba yake akasema aliyelitupa jina asiuone tena mlango wake. Leon naye, mkaidi kama babake, akachukua kofia akaenda zake. Baba akafa, mama akamfuata, kiburi kikabaki kinadunda.

Sasa dada yake Genowefa, aliyebaki na nyumba, alikuwa amemwandikia aje kwenye mkutano wa ukoo. Leon alitaka jambo moja tu: apokewe kama mtu wa nyumba ile.

Mlango ukafunguliwa. Halina, mjukuu wa Genowefa, binti mwenye adabu zake, akamnyooshea sinia la mkate na kibakuli cha chumvi.

"Karibu, babu. Onja mkate wetu."

Moyo ukamshuka Leon. Kwa Wapolandi mkate na chumvi hupewa maharusi, na hupewa wageni. Mtoto wa nyumba akirudi kwao hupita moja kwa moja jikoni akafunua masufuria. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale kwao, mtoto wa nyumba jembe alipewa tangu mlangoni.

Akamega, akachovya, akatafuna. Sebuleni binamu mmoja alikuwa akiwaeleza watoto kwamba jina lao maana yake ni mwana wa fundi wa magurudumu. Leon alikuwa amefunga magurudumu ya magari miaka thelathini na moja, na hilo hakulijua. Aliona uchungu usiosemeka. Akamshukuru binti, akasema teksi inamngoja. Uongo mtupu, teksi ilishaondoka.

Genowefa akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa pierogi, sambusa za kwao za kuchemsha. Akalitazama sinia, akamtazama mdogo wake, akaelewa.

"Halina, nani kakwambia umpe huyu mkate?"

"Si mgeni, bibi? Mimi simjui."

"Mgeni wa nani? Huyu nimemfuta kamasi mimi." Akamgeukia Leon. "Na wewe umepokea tu, umetulia kama padri. Pierogi mia mbili hazijafungwa, na vidole vyangu vimechoka."

"Dada, mimi bado naitwa Cole."

"Nimekuuliza jina? Kanawe mikono."

Akanawa. Genowefa akamfunga aproni kiunoni, akamsogezea unga uliosukumwa na bakuli la viazi vilivyopondwa. Leon alifunga ya kwanza vibaya, viazi vikamwagika mezani. Dada yake akaiokota, akamrudishia kiganjani.

"Rudia. Mama angekuchapa mwiko."

Leon akalia waziwazi, mzee wa miaka themanini, machozi yakidondokea unga. Hakuna aliyemwambia akapumzike. Akarudia.